Nilianza kuijaribu imani yangu kwa gorogoro, sasa nimefika kwenye karo ya mwanangu

Mshauri, pokea salamu zangu. Safu hii nimeisoma miaka mingi nikisikitikia wengine, sikujua kama siku moja nitaandika mimi. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nina miaka 39 na watoto watatu. Naishi Manyatta hapa Kisumu, lakini kwetu ni Vihiga, upande wa Kaimosi. Nauza nafaka katika soko moja kubwa mjini: maharagwe yanayoingia kutoka Uganda kupitia Busia, mahindi ya Kitale, ndengu na njugu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tumekaa pamoja miaka kumi na saba, na mpaka mwaka huu hatukuwa tumewahi kununiana zaidi ya siku mbili.

Nililelewa katika Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kuhubiri, lakini akikwambia ndiyo, hiyo ilikuwa ndiyo. Wakati wa kesi ya mpaka wa shamba alikataa kuapa. Aliwaambia wazee kwamba atasema ukweli, na kama hawamwamini bila kiapo basi hata kiapo hakitawasaidia. Mimi nimekua nikienda ibada kila Jumapili, kisha natoka mbio kwenda sokoni, maana Jumapili ndiyo siku yetu kubwa.

Mwezi wa pili mwaka huu mhubiri alisoma Luka 6:38, pale panaposema tutapewa "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Watu waliitikia amina. Mimi nilitokwa na jasho. Hakuna aliyekuwa mle ndani anayejua habari za kipimo kama mimi. Gorogoro yangu, mkebe ninaopimia nafaka, ilikuwa imegongwa kitako kikaingia ndani, kiasi cha kikombe kizima cha maharagwe kukosekana. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro arobaini na kidogo. Kwa mkebe ule nilikuwa napata nne za ziada. Nilinunua mkebe huo ukiwa tayari hivyo, na wengi ninaowajua wanao kama huo. Siku hiyo nilijiuliza: haya maneno ninayaamini, au nimeyazoea tu?

Nikaamua kuyajaribu. Nilichukua yale mafundisho ya Yesu ya mlimani, Mathayo sura ya tano hadi ya saba, nikasema kila mwezi nitachukua neno moja nilitende jinsi lilivyo, niandike kwenye daftari kinachotokea. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kwanza wa jaribio langu ulikuwa wa "ndiyo, ndiyo, siyo, siyo". Niliacha kumwambia mteja kwamba bei anayotaka ni hasara kwangu wakati si hasara. Niliacha kusema maharagwe ni ya jana wakati yamekaa mwezi na fukusi wameanza. Mwezi wa pili nilitupa ile gorogoro, nikanunua mzima, nikapandisha bei kwa shilingi kumi ili nisife njaa. Wateja wakahama. Wenzangu wakasema ninawaharibia soko. Wiki sita nilikula mtaji. Halafu mama mmoja mwenye hoteli alipima nyumbani, akaona tofauti, akarudi, akaleta wenzake wawili. Sasa hao watatu ndio wananilipia kodi ya kibanda. Mshauri, nililia kwa furaha. Nikasema: Mungu ni wa kweli, nimemwona kwa macho yangu.

Shida ilianza mwezi wa tano nilipofika Mathayo 5:42: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Watu wa sokoni wana pua. Katika miezi michache nimekopesha watu tisa. Watano wamerudisha, wawili wamerudisha nusu, wawili hawajarudisha hata kumi. Mmoja wao ni jirani yangu wa kibanda, ambaye tumeuza pamoja miaka minane na aliwahi kunilelea mtoto nilipolazwa. Ana deni langu la 9,000. Kila tukikutana ananiambia "nakukumbuka dada", nami namjibu "usijali, hata sijafikiria", huku moyo unachemka.

Sasa mwenye nyumba amemfungia mlango kwa kodi ya miezi mitatu. Yuko na watoto wawili kwa dadake, chumba kimoja. Wiki jana amenijia akipiga magoti, anataka 25,000: alipe kodi na anunue stoki aanze upya.

Pesa hizo ninazo, mshauri. Zamu yangu ya chama imefika na nina 32,000. Lakini kijana wangu mkubwa anaingia Gredi ya 10 Januari, shule ya bweni. Karo ni 53,554 kwa mwaka na nusu yake inatakiwa muhula wa kwanza, bado sanduku, godoro na sare. Kati ya zile 32,000, mume wangu alichangia 12,000. Nilipomweleza habari ya jirani ndipo daftari lote likatoka. Alisikiliza kimya, halafu akasema: "Imani yako ijaribu kwa pesa zako. Karo ya mtoto si maabara." Nilipomsomea mstari akaniambia hata wale wa Shakahola, waliofunga kula mpaka wakafa, walianza kwa kufuata maneno neno kwa neno. Hilo lilinichoma. Hatujaongea vizuri siku kumi na moja.

Nikimnyima jirani, je, nimethibitisha kwamba siamini, ila naamini mpaka pale pesa zinapoanza kuuma? Nikimpa, je, ninamjaribu Mungu kwa kumtupia mtoto wangu nione kama atamdaka? Dada wa mume wangu anasema nitoe tu, ni mbegu, itarudi mara mia. Na kuna jambo lingine linaninyima usingizi. Nikiuza vizuri nasema Mungu yupo. Nikikosa nasema sikuamini vya kutosha. Sasa hili ni jaribio gani lisiloweza kushindwa? Labda sijajaribu chochote mwaka mzima.

Nisaidie.

Mama wa nafaka, Kisumu

JIBU

Dada yangu, ngoja nianze na mkebe ulioutupa, kwa sababu naona umeupita haraka ukikimbilia jirani.

Wengi wetu tumesikia mstari ule wa kipimo cha kushindiliwa na kusukwa-sukwa, tukadhani ni maneno matamu tu ya kuomba baraka. Wewe mikono yako inajua maana yake. Unajua tofauti ya gorogoro iliyosukwa nafaka ikajipanga na ile iliyomiminwa juu juu. Ulisikia neno, ukaona lilipogusa maisha yako, ukaenda ukabadilisha kitu unachoweza kukishika. Na ulifanya hivyo ukijua utapoteza gorogoro nne kila gunia. Chochote utakachoamua kuhusu 25,000, hilo limekwisha kutendeka na hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa nikueleze ninavyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Ulianza kwa kutaka kujua kama unaamini. Baadaye kidogo kidogo, labda kuanzia siku mama wa hoteli aliporudi, swali likageuka, likawa kama Mungu analipa. Haya mawili yanafanana kama mapacha, lakini yanakupeleka njia tofauti. Na sasa limekuja ombi ambalo ukilikubali linamgusa mtoto, mume na rafiki kwa pamoja, nawe unalipima kwa mizani ya swali la pili.

Nitakupa mfano kutoka kwa watu wa nyanya yako mwenyewe. Wamisionari wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, lakini desturi ile ya kukataa kiapo ni ya zamani zaidi, kutoka Uingereza katika karne ya 17, siku za mwanzilishi wao, George Fox. Marafiki wa wakati ule walikuwa na wachuuzi kama wewe. Walisoma neno lile lile la ndiyo na siyo, wakaacha kuvutana bei: walitaja bei moja, ile ile ya kweli, kwa kila mtu. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Baadaye watu wakagundua kwamba unaweza kumtuma hata mtoto dukani kwa Rafiki na hatapunjwa, wakarudi kwa wingi. Umeona? Ni hadithi yako na mama wa hoteli.

Lakini hadithi ina upande wa pili. Marafiki hao hao, kwa neno hilo hilo, walikataa kuapa mahakamani, na mwaka 1662 ikatungwa sheria iliyowalenga wao. Wakafungwa kwa maelfu, na wako waliofia gerezani. Neno ni moja, imani ni moja, lakini huyu alipata wateja na yule akapata minyororo. Tukisema wateja walikuwa uthibitisho kwamba Mungu ni wa kweli, tutasema nini juu ya wale wa gerezani? Hawakuamini vya kutosha? Sidhani wewe unaweza kusema hivyo. Nyanya yako naye hukuniambia kama aliishinda kesi ya shamba. Sidhani heshima yako kwake inategemea hilo.

Kwa hiyo swali lako la usiku, la jaribio lisiloweza kushindwa, nalichukua kwa uzito wote. Umeona kitu ambacho watu wazima kwa imani hukikwepa. Njia ya kuhesabu ambayo pesa zikija ni Mungu na zisipokuja ni kosa lako, haiwezi kukufundisha chochote. Inaweza tu kukuchosha. Na ndiyo njia inayotumiwa na wanaokwambia upande mbegu: isipoota, lawama ni ya mpandaji, kamwe si ya aliyeiuza. Wifi yako naamini anakutakia mema, lakini neno lake la mara mia silo lililoandikwa katika Mathayo 5:42. Pale hakuna ahadi yoyote ya marejesho. Kwa Luka, mistari mitatu kabla ya ule uliokutoa jasho, inasemwa wazi kwamba tukopeshe bila kutumaini kupata malipo. Ukikopesha ukitazamia mara mia, hapo umewekeza, na hilo ni tendo jingine.

Utaniuliza: basi maandiko yenyewe si yanasema tumjaribu Mungu? Malaki 3:10 inasema hivyo, juu ya zaka. Na Kumbukumbu la Torati 6:16 inasema msimjaribu Bwana, kama mlivyomjaribu huko Masa. Nimeishi na mistari hii miwili miaka mingi, na sitajifanya kwamba nimeipatanisha kabisa. Ninachoona ni hiki. Pale Masa, jangwani, Waisraeli walikuwa na kiu ya kweli, kiu si dhambi. Kosa lao lilikuwa kuifanya kiu iwe sharti: tupe maji sasa, tujue kama uko kati yetu au la. Kuna mstari mwingine nadhani uko karibu zaidi na kile ulichokitaka ulipoanza, Yohana 7:17. Unasema mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua kama mafundisho hayo yatoka kwake. Kujua huko kunakuja kwa kutenda, jinsi mtoto anavyojua ugali umeiva: hukumweleza, ulimpa mwiko akasonga mpaka mkono ukaelewa.

Ndiyo maana nataka kukuuliza habari za daftari lako. Umeandika nani alikopa, nani alirudisha, ulipoteza ngapi. Je, uliandika mwezi wa ukweli ulikufanya nini wewe? Ulilala vipi wiki ile ya kwanza baada ya kutupa mkebe? Ulimtazama mteja usoni tofauti? Wale watano waliorudisha, kuna kitu kimebadilika kati yenu? Na mwezi wa kukopesha, ulikuwa unatoa kwa moyo wa namna gani, hasa kuanzia mtu wa sita? Wewe peke yako ndiye unayeweza kujibu. Lakini nahisi majibu hayo yatakwambia mengi kuliko hesabu ya shilingi, na nahisi mengine hayatapendeza.

Sasa jirani.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoirudia. Anakwambia anakukumbuka, nawe unajibu "usijali, hata sijafikiria", na moyo unachemka. Dada yangu, nasema hili kwa upole kabisa. Wewe uliyeacha kudanganya kuhusu fukusi kwenye maharagwe, hapo kwa rafiki wa miaka minane umesema siyo ambayo si siyo. Neno la mwezi wa kwanza limevunjika kimya kimya ukiwa unatimiza la mwezi wa tano. Sikulaumu. Tumelelewa hivyo, kudai deni kwa rafiki ni aibu, na mama mwema hufunika. Lakini angalia ni mafundisho gani uliyachagua mwaka huu: yote yanagharimu pesa. Yako mengine yanayogharimu uso, na hayo bado hujayafungua. Yesu huyo huyo, katika Mathayo 18:15, anasema ndugu yako akikukosea uende umwambie, wewe na yeye mkiwa peke yenu. Huenda kwako hilo ni zito kuliko 25,000.

Maana fikiri jinsi anavyoliona yeye. Anajua ana deni la 9,000. Anajua unajua. Kila siku anapita mbele ya kibanda chako akisema anakukumbuka, ambayo ni njia ya kuomba msamaha bila kuutaja. Hajui kama umekasirika au umesamehe. Ukimwongezea 25,000 juu ya kimya hicho, deni linakuwa 34,000 na kimya kinakuwa kirefu zaidi. Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukifia hapo, mtu akahamisha kibanda upande mwingine wa soko ili asimwone aliyemsaidia. Kwa upande mwingine, nimeona pia mkopo kama huo ukimwinua mama na wanawe, na akaukumbuka mpaka uzeeni. Siwezi kukwambia wako utakuwa upi.

Halafu neno lenyewe. "Akuombaye, mpe." Umelisoma kana kwamba limeandikwa: mpe alichoomba, chote, kwa namna aliyoomba. Sioni hivyo. Katika Matendo 3 yule kiwete langoni aliomba sadaka, na Petro akamwambia hana fedha wala dhahabu, lakini alicho nacho ndicho anachompa. Hakumpa kisogo. Hakumpa pesa pia. Paulo naye, akiwachangisha Wakorintho katika barua ya pili, sura ya nane, anasema toleo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo, na kwamba hataki wengine wapate raha kwa wao kupata dhiki. Sikupi mistari hii iwe mlango wa kutorokea. Mtu anaweza kuitumia asimpe mtu yeyote chochote maisha yake yote. Nakupa ili uone kwamba kati ya 25,000 na sifuri kuna shamba pana.

Unaweza, kwa mfano, kumpa kiasi kidogo kama zawadi, ukimwambia wazi si mkopo. Hatari yake ni kwamba huenda akaona umemdharau, au kikaisha bila mlango kufunguliwa. Unaweza kwenda naye kwa mwenye nyumba, mama wawili wanaojulikana sokoni, mkaomba alipwe kidogo kidogo. Huenda akawafukuza, huenda akalegeza. Unaweza kumpa debe la maharagwe auze na kukurudishia gharama tu, maana nusu ya ombi lake ilikuwa stoki, na stoki ndiyo kazi yako. Ukipoteza debe hutapoteza muhula. Unaweza kulipeleka kwa chama au kwa akina mama wa kanisa, lakini hapo umuulize yeye kwanza, kwa sababu siri ya mlango uliofungwa si yako kuitangaza.

Au unaweza kumpa zote alizoomba. Sitakuficha kwamba wako watu wa imani kubwa waliofanya zaidi ya hapo. Mjane wa Sarepta alimpikia Eliya unga wake wa mwisho huku mwanawe akingojea. Lakini soma vizuri: unga ulikuwa wake. Na unaweza kumwambia hapana, safari hii, bila kujiona umemkana Mungu. Hatari ya hapana ni kwamba huwa rahisi kuirudia. Hatari ya ndiyo hii unaijua, inaitwa Januari.

Nimesema unga ulikuwa wake, na hapo ndipo lazima tufike kwa baba watoto. Katika zile 32,000, jasho lake ni 12,000. Na karo si yako wala si yake, ni ya kijana. Neno la mlimani lilikuambia wewe utoe. Halikukuambia utoe cha mwingine. Katika Marko sura ya saba Yesu anawakemea watu waliosema mali fulani ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wao hawawezi kusaidiwa nayo. Sisemi wewe ni mmoja wao. Nasema hofu ya mumeo inafanana na kemeo hilo, hata kama yeye aliisema kwa ukali.

Neno la Shakahola lilikuchoma, na linastahili kuchoma. Mwaka 2023 sote tuliona miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa katika msitu kule Kilifi, na watoto walikuwamo. Tangu hapo mzazi yeyote nchini akisikia "nafuata neno jinsi lilivyo" hushtuka kidogo. Kati ya gorogoro yako na msitu ule kuna umbali mkubwa sana. Wewe jaribio lako liko juani, mbele ya wateja, anayetaka anaweza kulipima nyumbani kwake, nawe umeandika barua kuuliza kama umekosea. Kule msituni, kuuliza ndiko kulikokatazwa. Lakini jiulize kwa nini mumeo aliona mfanano. Labda ni kwa sababu aligundua kwamba kwa miezi tisa nyumba yake imekuwa ikiendeshwa kwa mpango asioujua, mtaji ukaliwa wiki sita bila yeye kuambiwa kwa nini, na siku alipoambiwa aliletewa mstari. Mstari ukisomwa katikati ya ugomvi, anayesomewa hana pa kujibu. Yeye naye angeweza kukusomea 1 Timotheo 5:8, kuhusu asiyewatunza wa nyumbani mwake, mkaanza kupigana kwa Biblia kama mawe. Nashukuru hakufanya hivyo.

Ningekuwa mimi, ningempa daftari alisome. Lote, pamoja na kurasa za hasara. Nisingelifafanua. Ningemuuliza yeye, kwa mafundisho hayo hayo au kwa anayoyashika yeye, anaona tumfanyie nini mama huyu aliyetulelea mtoto nilipolazwa. Naona neno hilo umelitaja kwangu. Je, yeye alilikumbuka, au alisikia tu "25,000"? Marafiki wa kale walikuwa na desturi ya kutopiga kura katika mambo yao. Walikaa kimya pamoja mpaka nia moja ipatikane, na isipopatikana waliahirisha. Siku kumi na moja za kununiana ni kimya pia, lakini si kile. Huenda mkikaa mtakubaliana kiasi fulani. Huenda asikubali hata shilingi, nawe ukabaki na sehemu yako ya 20,000 na dhamiri yako, ukijua kwamba karo ya muhula wa kwanza peke yake ni 26,777.

Kuhusu kama unaamini au la, sina mizani ya kukupimia. Ila sijapata kumwona mtu asiyeamini chochote akikosa usingizi kwa sababu ya kikombe kimoja cha maharagwe.

Jirani usimwache akingoja jibu, kwa sababu anayengoja hawezi kutafuta kwingine. Jumapili sokoni hamtapata nafasi ya kuongea. Jumatatu asubuhi watu ni wachache. Nenda kwenye kibanda chake, si yeye aje kwako, ubebe chai ya wawili. Anza na zile 9,000.